Sketi ya Nane

Dada yangu aliacha shule akashika cherehani ili mimi nisome. Nikawa mwalimu wa hesabu, yeye akawa fundi. Alipofika miaka hamsini na mbili, chuo cha ushonaji kikamtaka akafundishe, ila alete kwanza cheti cha hesabu. Alifanya mtihani mara mbili, akaanguka mara mbili. Ikabaki nafasi moja tu.

Mara zote alipungukiwa alama mbili, zile za swali la kitambaa: mita sita, kila sketi robo tatu ya mita, zitatoka sketi ngapi?

"Saba," alisema, uzi mdomoni.

"Dada, jamani! Robo tatu igeuze iwe nne juu ya tatu, zidisha mara sita. Nane!"

"Saba, mdogo wangu."

Nilipandwa na hasira. Ana kichwa kigumu huyu mama! Wanafunzi wangu wa miaka kumi na mitatu wanalipata hilo wakisinzia. Kesho yake nikanunua mita sita za kitambaa, nikazibwaga juu ya meza yake. "Haya, kata tuone."

Akakitia majini kwanza, akakianika, akakipiga pasi. Kikapungua. Ncha zilikuwa zimekwenda upande, akazinyoosha kwa mkasi. Tulipopima tena, robo mita ilikuwa imekwenda na maji. Akakata sketi saba. Ikabaki nusu mita, akaniwekea mapajani.

"Haya, mwalimu. Mtoto gani tumvishe hii?"

Miaka ishirini nimefundisha hesabu ile, sijawahi kushika mkasi. Niliona aibu, tena aibu ya kweli.

"Sasa kwenye mtihani niandike ngapi?" akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Andika nane, dada. Wao kitambaa chao hakifuliwi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akaandika nane, akafaulu.

Siku yake ya kwanza chuoni nilikwenda kumsikiliza, nikakaa nyuma kabisa. Akaandika ubaoni mita sita, kila sketi robo tatu, akawauliza wasichana sketi ngapi. "Nane!" wakaitikia wote.

"Mmegawanya vizuri," akasema. "Lakini hamjatoa." Akaandika: sita, toa robo. Kisha ndipo akagawanya, polepole, kwa njia ileile niliyomfokea nayo.

Machozi yalinilenga. Nikafungua daftari, nikanakili kama wenzangu.