Nilichora himaya ya Wajerumani hadi Pasifiki, nikakwama kwenye shamba la babu

Wakuu, habari za saa hizi. Hili ninaloleta halina chumvi, na aliyeumbuka humu ni mimi mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Shella, Malindi. Starehe yangu ni alternate history: unabadilisha jambo moja katika historia, kisha unachora ramani ya dunia ambayo ingetokea. Wenzangu wanacheza mpira, mimi napaka nchi rangi. Msinicheke.

Kazi yangu kubwa ilikuwa himaya ya Wajerumani. Walishinda vita vya kwanza vya dunia, wakasonga mashariki mpaka Bahari ya Pasifiki. Mipaka, reli, majimbo, bandari, yote nilichora kwenye laptop kwa miezi. Rafiki yangu Kazungu, wa Matsangoni, ndiye aliyeandika majina na maelezo, maana kwa historia ananishinda mbali.

Shida ikawa nyika za katikati ya Asia. Kubwa mno, na mimi mvivu.

Nikazipaka kijivu, nikaandika: ARDHI TUPU, WATAGAWIWA WAKULIMA WA KIJERUMANI. Kazi kwisha.

Kazungu akaitazama. "Hapa palikuwa na watu. Wamekwenda wapi?"

Nikamwambia ni mchezo tu, asinichoshe.

"Kwenu ni mchezo," akasema, akaondoka. Sikumwelewa, na niliudhika kweli.

Wiki ileile baba akaniita. Alikuwa amepata mnunuzi wa shamba la marehemu babu, hukohuko Matsangoni. Akanipa ramani kuukuu ya karatasi. "Wewe si fundi wa ramani? Nichoree hii iwe safi."

Nikaifungua. Minazi ya babu imechorwa mmoja mmoja. Nyumba, hakuna hata moja.

Na kwenye shamba hilo ndiko anakokaa mama yake Kazungu! Nimekula kwake mara ngapi?

Kwa wasiojua mambo ya huku: shamba lina mwenyewe, wengine wanakaa kwa ruhusa. Wajenge, walime mahindi, lakini mnazi wasipande, kwa sababu mwenye mnazi ana la kudai. Basi watu wamezaliwa pale, wamezikwa pale, na kwenye karatasi hawapo.

Nikaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kutupima?"

Niliona haya, wakuu. Nikamwambia nimekuja kuchora vilivyopo. Akanitangulia. Nyumba kumi na moja, kisima, makaburi saba. Kwenye kaburi la mumewe akasimama, akasema, "Hili liandike na jina."

Kazungu tulimkuta akipalilia. Akaweka jembe chini. Akashika ncha ya pili ya kamba ya kupimia, tukamaliza pamoja.

Mnunuzi alipokuja nyumbani, nikatandaza ramani mpya mbele yake, baba amekaa pembeni. Mnunuzi akazihesabu nyumba kwa kidole. "Mzee, si uliniambia hapana mtu?"

Akaaga, hata chai hakuimaliza.

Baba akaniambia neno moja tu: "Umenivua nguo mbele ya mgeni."

Sitaki kujifanya shujaa. Shamba bado ni lake, na mchoraji mwingine hakosi kupatikana. Mama yake Kazungu hajui kama mwakani atakuwa pale. Baba naye si mtu mbaya. Alipewa ile karatasi na babu kama ilivyo, na nadhani hakuwahi kuisoma kwa macho ya mwingine. Mimi mwenyewe ningeinakili vilevile kama si maneno ya Kazungu.

Nilichojifunza: pahali usipopajua, usipaandike patupu kabla hujapiga hodi.

Sasa nipeni ushauri. Mliowahi kukosana na mzazi kwa ajili ya haki ya mtu mwingine, mlipatana vipi? Na mkiona nilikosea, semeni bila kunionea haya.

Ni wiki ya tatu sasa, kila asubuhi nampa baba shikamoo, haitikii. Kesho nitampa tena.