Kabati Lenye Masikio

Uulkan, mwalimu wa hesabu wa shule yetu hapa Naryn, mji wa milimani, ana mdomo usiojua likizo. Mwambie kichwa kinakuuma: atakupa dawa ya mama yake, atakugombeza kwa kutovaa kofia, na kabla hujashukuru ameshakutafutia mchumba. Nampenda, lakini anachosha jamani.

Kwa hiyo tulipoitwa kwenye mafunzo ya kuwasaidia wanafunzi wenye mizigo moyoni, mimi nilikwenda kucheka. Mkufunzi, binti mpole kutoka mji mkuu, Bishkek, alisema mtoto akizungumza, msikilize. Usimshauri wala usimkatize.

"Nisipomshauri nitakaa pale kama nini?" Uulkan akauliza. "Kama kabati?"

"Ndiyo, eje," akajibu, kwa neno letu la kumwita dada mkubwa au mwalimu wa kike. "Kabati lenye masikio."

Tulicheka wote isipokuwa Uulkan. Alikuwa akimfikiria Aizirek wa darasa la saba, aliyeacha kusema darasani tangu mama yake aende Urusi kutafuta kazi. Bibi yake alishachoka naye: wiki ikiisha atamwachisha shule, akachunge kondoo wa mjomba mlimani. Uulkan alikuwa amemmwagia mtoto mawaidha mpaka basi, na mtoto akazidi kujikunja.

Jumatatu akamwita kwenye chumba cha walimu. Mimi nilikuwa kando, najifanya nasahihisha ramani. Kwa kuwa anajijua, Uulkan alijitia mdomoni donge la kurut, maziwa ya mgando yaliyokaushwa mpaka yakawa jiwe. Shavu likamvimba.

"Eje, unaumwa jino?" Aizirek akauliza.

Uulkan akatikisa kichwa, akashika birika. Nguvu zake zote zilikuwa mdomoni, mkono akausahau, akajaza kibakuli cha chai hadi ukingoni. Na kwetu mgeni tunayempenda tunammiminia kidogo kidogo, ili aombe tena na tena. Ukimjazia, umemwambia anywe aende zake.

Aizirek akanywa harakaharaka, akasimama. "Asante, eje. Nimeelewa."

"Mmmh!" Uulkan akamvuta koti, akamkalisha, akammiminia tena. Akajaza tena, chai ikafurika.

"Eje, sasa unanifukuza au unanikamata?"

Nikajificha nyuma ya ramani ya Asia, mabega yananitikisika. Aizirek naye akacheka, kisha akakitazama kibakuli.

"Mama alinijazia hivi hivi," akasema. "Asubuhi ile anaondoka. Nikajua amenichoka."

Ramani ikanishuka mikononi. Uulkan alikuwa ametoa macho, ushauri umemjaa hadi kwenye nyusi, na kurut haimruhusu. Machozi yakamtoka. Aizirek akamtazama, akatazama na chai iliyofurika mezani.

"Mama alikuwa anajizuia asilie," akasema polepole. "Kumbe na yeye mkono aliusahau."

Uulkan akaitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kengele ya kipindi ikalia. Aizirek hakuinuka. Akachukua birika, akammiminia mwalimu wake chai kidogo tu, chini kabisa ya kibakuli.

"Eje, leo njoo kwetu umwambie bibi nabaki shuleni. Mimi hanisikilizi. Ila toa kwanza hilo jiwe mdomoni."

Uulkan akalitema kiganjani, akavuta pumzi ndefu. Nilimwonea huruma yule bibi.