Salamu ya Upande wa Kushoto

Shangazi yangu Somoe binti Sadallah alizaliwa kisiwa cha Rongui, na kazi aliyoijua kuliko zote ni kushona misala ya kuswalia. Alichambua ukindu mwenyewe, akausuka ukili, akaushona mpaka usijue ulipoanzia. Ukithubutu kumwambia msala umekwenda upande, alikunyang'anya, ukaswalie gunia. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mume, Shaweji, mtu mpole aliyechuuza vitambaa kati ya Palma na Mtwara.

Vita vilipopamba moto, sisi ndugu zake tulikimbilia Mtwara. Yeye alibaki na mumewe. Waliobaki walikusanywa na askari wa Mreno katika aldeamento, kijiji cha seng'enge, vibanda vimebanana, ua wa makuti ukitenga mtu na mtu. Mwaka wa sitini na saba Shaweji alivuka Ruvuma kwa biashara zake, asirudi. Ikanong'onwa kwamba yuko na wapigania uhuru. Sipaio, askari mweusi wa serikali ya Mreno, akaja mara mbili kumhoji shangazi. Mara ya tatu hakumhoji yeye, aliwauliza majirani: nani huzungumza na mwanamke huyu?

Basi, ikawa mwisho. Zaida wa kibanda cha kulia, shoga yake tangu unyagoni, akawa akimwona anageuza uso. Kisimani walimpisha kama mwenye ndui. Najua hofu ni kitu gani, lakini watu wale sijawasamehe mpaka leo. Nusu ya kijiji walikuwa wakisujudu juu ya misala aliyoishona yeye, halafu hujambo inawashinda!

Kibanda cha kushoto alikaa Domingas, binti wa Kimakonde, Mkristo, aliyeletwa peke yake kwa lori la askari kutoka Diaca, huko bara. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Watu wa pwani walimwita mtu wa porini, wakampita. Na shangazi nisimpambe: hata yeye hakuwahi kumbishia hodi.

Akabaki na Mungu. Aliswalia uani, uso kibla, bahari kuliani kwake. Kila akimaliza swala aligeukia kulia, "Asalaam alaykum warahmatullah," kisha kushoto, vilevile. Mwislamu anajua salamu ile ni ya malaika. Lakini kwa shangazi ndiyo iliyokuwa salamu pekee ya kutwa nzima, kwa hiyo aliitoa kwa sauti, yeye aliyefundishwa kwamba mwanamke huswali kimyakimya.

"Nilitaka masikio yangu yasisahau," aliniambia.

Kisha huinua mikono. "Mola wangu, sikuombi Shaweji arudi leo. Nipe mtu mmoja tu wa kuniitikia." Alilia pale juu ya msala mpaka ukindu ukalowa, na akiinuka kifua chake kilikuwa chepesi, akaweza kutwanga, akaweza kula. Ikifika swala nyingine kifua kimeshajaa tena, anarudi. Hakuwa na mlango mwingine wa kukimbilia. Mwaka ukazunguka, na mtu hakuja. Siku moja wazo likampitia kwamba labda Mungu naye anamwogopa sipaio. Akashtuka, akaomba maghufira, lakini wazo lile halikuondoka. Lilimtia upweke kuliko kimya cha Zaida.

Kisha homa ikamwangusha. Siku tatu hakuweza kuketi, akawa anaswali kwa macho, amelala, sauti hana. Siku ya nne asubuhi makuti ya ua yakasukumwa. Domingas akaingia na bakuli la uji wa mtama, akasimama mlangoni.

"Mama, mimi nimekukosa nini?"

"Kunikosa?"

"Siku tatu hunisalimu."

Shangazi alidhani ni homa inayosema. "Mimi nilikusalimu lini?"

"Kila siku. Mara tano. Kwanza unamsalimu Zaida, halafu unageuka kwangu. Zaida haitiki, ana roho mbaya. Mimi naitikia." Akashusha sauti. "Naitikia polepole, sipaio asisikie. Hapa hakuna mwingine ananisalimu."

 Mwaka mzima shangazi aliinua mikono kuomba mtu wa kumwitikia, na mtu anaitikia hatua mbili tu kutoka kwenye msala wake, nyuma ya makuti. Furaha ikamjia pamoja na aibu, akashindwa kujua analilia ipi.

"Hukunikosa kitu, mwanangu," alisema. "Nilikuwa naumwa. Keti, ninyweshe huo uji."

Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama alimweleza Domingas kwamba salamu zile zilikuwa za malaika. Alinikata jicho.

"Nimweleze ili iweje?"

Alasiri ile ile aliomba atandikiwe msala uani, akaswali kwa kuketi, Domingas amesharudi kwake. Alipofika mwisho aligeukia kulia, akasalimu. Kwa Zaida kimya. Akageukia kushoto, akasalimu, na sauti ilikuwa ya mgonjwa, haikufika mbali. Akabaki ameelekeza uso kule kule, akingoja.

"Alekum salaam, mama," Domingas akaitikia, na safari hii kwa sauti, hata Zaida akasikia.