Chupa Tupu za Mama

Miaka hiyo soda zilijaa madukani Mwanza, za kila rangi, baada ya muda mrefu wa kuzisikia tu. Lakini zilikuwa na sharti: huna chupa tupu, huna soda. Chupa ilirudi dukani, ikapanda gari, ikaenda kiwandani kuoshwa na kujazwa tena, ikazunguka hivyo mpaka kiuno kikachubuka na kuwa cheupe. Sisi watoto tuliamini mchanga wa ziwa hauwezi kuisha, wala sangara hawawezi kuisha. Mama yangu hakuamini kitu chochote cha namna hiyo. Chini ya kitanda alikuwa na chupa kumi na mbili, na alizilinda kuliko kuku wake.

Siku hizi nikiona plastiki zimeziba mto Mirongo, kila chupa imenywewa mara moja tu, hasira inanipanda. Mama angezifukuzia majini.

Basi dada yangu akapata mchumba, na wazazi wa kijana wakatuma habari kwamba wanakuja kwa meli kutoka Bukoba kuleta posa. Dada hakula siku mbili. Aliogopa mama mkwe ataiona nyumba yetu ya Ilemela, imeng'ang'ania juu ya mawe, ageuze njia. Mimi, mdogo wake wa darasa la tano, nikaapa kumsaidia. Siku yenyewe, mama alipokwenda sokoni, nilizitoa chupa zote nikazipanda shingo chini, makalio juu, kuzunguka maua ya mbele ya nyumba, kama nilivyoona kwa mapadri. Zilimetameta! Nikasimama mikono kiunoni, nikajiona fundi.

Mama alirudi akashika kichwa. "We mtoto! Wageni wanywe udongo?"

Tulizifukua kwa vijiko. Udongo ulikuwa umejishindilia shingoni, tukatia kokoto na maji, tukatikisa mpaka mabega yakauma. Wageni wakatukuta hapo hapo, dada ana tope mpaka kwenye nywele alizosuka jana yake.

"Shikamoo mama," alisema, karibu alie.

"Marahaba, mwanangu." Mama wa kijana akaitazama ndoo, akajifunga kitenge kiunoni, akachukua chupa akaanza kutikisa. Alitikisa kutushinda sote. "Hii bado," alisema. "Mwenye duka ataigundua."

Na kweli, mwenye duka alizinusa moja moja. Aliikataa moja iliyomeguka mdomo, kwa hiyo soda zikaja kumi na moja. Aliyekosa ni mimi, na safari hii sikuwa na mdomo wa kulalamika.

Posa ikapokelewa. Wakati wa kuaga, mama mkwe alikuwa amekunywa nusu tu. Akasokota kipande cha karatasi, akaiziba chupa, akaitia mkobani.

"Nitamalizia kwenye meli," alisema.

Mama akafungua mdomo. Dada akamtazama kwa macho ya kumsihi. Mama akaufunga, akatabasamu, akawasindikiza wageni mpaka barabarani akiwatakia safari njema.

Aliporudi alizipanga chupa zake chini ya kitanda, kisha akaketi, shavu mkononi. Dada akaingiwa na wasiwasi.

"Mama, una huzuni kwa sababu naondoka?"

"Wewe utakuja kunisalimia," mama alisema. "Ile chupa je?"