Mama Anamtafuta Profesa Ndizi Mbivu, na Profesa Ni Mimi

Admin, jina langu lifiche kabisa, ingawa majina bandia ninayo ya kutosha. Nina miaka thelathini na minne, sijaoa, naishi na mama yangu mjane kijijini, upande wa Nyamira. Huandikia gazeti moja la vichekesho. Wiki hii ni Sista Kikaango, wiki ijayo ni Profesa Ndizi Mbivu, na hao wawili huwagombanisha ukurasani ili wasomaji wadhani tuko wengi. Nyumbani wanajua tu nafanya kazi za kompyuta.

Macho ya mama yamepungua nguvu, kwa hivyo Jumapili humsomea gazeti, namtafsiria kwa Kikisii. Hucheka mpaka anashika mbavu. Anampenda Profesa kuliko wote.

Mwezi uliopita nilikosa la kuandika. Profesa akaandika juu ya mwanamke anayefungia sukari kabatini kwa kufuli na kuvaa ufunguo shingoni, hata siku ya kubatizwa alizama majini nao. Ni mama yangu mtupu. Nilipomsomea, ukurasa huo niliuruka. Kumbe kanisani wengi walikuwa wameshausoma. Sabato iliyofuata akina mama walimwita Mama Kufuli, wakamcheka mpaka langoni.

Alirudi, akaketi jikoni, akauvua ule ufunguo.

"Omwana one, mwanangu, mambo ya jikoni kwangu nani ameyapeleka gazetini?"

Nikajifanya nachochea moto. Akajijibu mwenyewe kwamba ni Kerubo, mke wa kaka yangu, anayempikia na kumfulia kila siku. Tangu hapo amemkataza kukanyaga jikoni. Shemeji analia, anaapa, na mimi namtazama tu. Ni uoga, sina jina lingine.

Kinachoniua ni kwamba sukari ile mama aliifungia ili nipate ya kubeba nikirudi shule ya bweni. Yeye alikunywa chai bila sukari miaka yote. Hilo nililijua. Sikuliandika kwa sababu lingeharibu kichekesho.

Juzi akaniketisha nimwandikie Profesa barua. "Mwambie sina hasira. Aje tu hapa nyumbani, nitampikia chai, aniambie nilimkosea nini." Niliandika kila neno.

Sasa Kerubo amefunga nguo zake, keshokutwa anarudi kwao. Na kila asubuhi mama ananiuliza, "Profesa amejibu?"

Ndugu zangu, nishaurini. Nimjibu kwa jina gani?