Rekodi Niliyonyang'anywa Galbet

Adeer yangu, mdogo wake baba, alikuwa na mkahawa mdogo mtaani Galbet. Katika chumba cha nyuma alikuwa ameweka televisheni na mashine ya gemu, na vijana walishinda humo wakiangusha ndege za adui kwenye kioo. Pointi za aliyewashinda wote adeer aliziandika ukutani kwa chaki. Katikati ya miaka ya tisini rekodi ilikuwa ya kijana wa jirani, niliyemaliza naye shule. Alitembea mtaani kama mtu aliyeshinda vita.

Mimi nilikuwa mpika chai. Mchana, jua likiwa kali na watu wamelala, nilicheza. Nilicheza mpaka kidole gumba kikaota sugu. Siku moja adeer akiwa amesimama nyuma yangu, birika mkononi, niliipita ile rekodi. Aliona kwa macho yake. Alicheka, akafuta pointi za zamani, akaandika zangu.

Baada ya swala ya alasiri vijana wakaingia. Bingwa akautazama ukuta.

"Nani ameandika uongo huu?"

"Ni mimi nimezipata," nikasema.

"Wewe? Umechezea mashine. Kuna vitufe ukivibonyeza kabla ya kuanza, hufi."

"Nionyeshe basi."

Wenzake wakacheka, mmoja akaniambia nirudi kwenye sufuria. Nikamgeukia adeer. Nilingoja aseme neno moja tu: nilimwona. Akainama kupanga vikombe.

Damu ikanichemka. Nikawaambia nitacheza tena mbele yao wote. Nikaketi, bingwa akachutama kando ya televisheni. Mwanzoni walipiga kelele, kisha wakasogea karibu, maana pointi zilikuwa zinapanda na sikuwa nimepoteza hata ndege moja. Zilipobaki chache kuifikia rekodi yake, kioo kikawa cheusi.

"Stima imepotea!" bingwa akapaza sauti.

Taa ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu. Waya wa televisheni ulikuwa umelala sakafuni, karibu na mguu wake.

"Adeer, amechomoa! Tazama waya!"

Adeer aliutazama. Akaokota kitambaa, akafuta pointi zangu, akarudisha za yule kijana. "Mchezo haukuisha," akasema. "Hauhesabiwi."

Nilimfuata jikoni. "Uliniona mara ya kwanza. Mbona hukusema?"

"Hawa ndio wateja wangu. Unataka niwafukuze kwa sababu ya gemu?"

"Nilitaka useme ulichokiona."

"Wewe ni binti, walaahi. Rekodi itakusaidia nini?"

Nikavua aproni, nikaiacha juu ya meza, maziwa yakifurika jikoni, nikaenda nyumbani. Mama alinisihi nirudi, nikakataa. Nilipata kazi ya kuuza vitambaa sokoni, na kwa muda mrefu nilizunguka njia nyingine nisipite mbele ya mkahawa ule.

Miaka baadaye adeer aliugua, akatuita jamaa zake mmoja mmoja tumsamehe. Aliniomba radhi kwa ukali wake, na kwa mara aliyochelewa kunilipia karo. Nilingoja ataje siku ile. Hakuitaja. Labda hakuikumbuka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nikamwambia nimekusamehe, adeer, nikamshika mkono. Kisha nikatoka nje, nikasimama uani nikiwa nimekunja ngumi, kwa hasira ileile ya siku ile.