Nyumba Iliyometameta

Wajukuu wanapaka udongo mweupe ukuta wa jiko hapa Kwamndolwa (jiko lenyewe linavuja, lakini hayo ni yao), na ile harufu ya udongo uliolowa imenirudisha kwenye shimo la baba, kule kilimani Handeni. Shule sikukaa sana, basi nasema nilivyoona.

Baba alikuwa anafuata mshipa wa jiwe jeupe uliopasua mwamba mweusi. Ndani yake mna ulanga, yale mawe ya kung'aa unayoyabandua karatasi kwa karatasi. Sisi watoto tulilichungulia jua kwayo. Baba alisema ulanga ukipanuka, tumbo la mshipa liko karibu, na vito hukaa tumboni. Siku hiyo ulanga ulifika upana wa sahani. Mama alisimama juu ya shimo, jembe begani.

"Baba watoto, mvua inakwisha. Tunapanda lini?"

"Kesho, mama. Leo nalipasua tumbo."

Tukasikia nyundo, halafu kimya. Kumbe tumbo lilikuwapo kweli, pango la mtu kuketi, lakini mawe yote ya ndani yalishaoza zamani. Akiyashika, yanakuwa uji mweupe. Akatoka umemtapakaa hadi viwikoni.

Mama akamtazama weee. "Haya, jaza debe," akasema. "Tupake nyumba."

Akapaka kweli, na vipande vya ulanga vikabaki ukutani. Jua likichomoza, nyumba yetu ilimetameta hadi barabarani, wapita njia wakaisifu. Ndani, mama alikuwa anatukaangia mahindi ya mbegu.